Kuulizwa kwa Wakati Wake

Septemba 2016 NEMA, mamlaka inayosimamia mazingira nchini Kenya, iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, upande wa bara wa Lamu, mwendo wa kama kilomita 20 kutoka mji wa kale. Ungekuwa mtambo wa megawati 1,050, wa kwanza wa makaa ya mawe nchini humo, na bomba lake la moshi lingepanda mita 210 jirani na mji ambao nyumba zake za mawe ya matumbawe nyingi hazipiti ghorofa tatu. Faili la mradi lilionekana limetimia. Kulikuwa na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, kulikuwa na kazi ya wataalamu, kulikuwa na maelezo ya mikutano iliyofanyika. Hata hivyo, tarehe 26 Juni 2019 baraza la taifa linalosikiliza rufaa za mazingira liliifuta leseni hiyo. Mengi yalihojiwa katika kesi ile, kuanzia majivu hadi maji ya moto ambayo yangerudishwa baharini, lakini kasoro iliyobeba hukumu ilikuwa ya kalenda: watu wa Lamu waliitwa mikutanoni utafiti ukiwa bado haujafanywa, na ulipokamilika hakuna aliyewarudia ipasavyo kuwaeleza umekuta nini.

Wapo watakaoiona kasoro hiyo kuwa ya kikarani tu. Mimi naiona ndiyo kiini cha jambo lote. Serikali zimekuwa zikipima athari za miradi kabla ya kuiruhusu kwa zaidi ya nusu karne sasa, na karibu kila sheria iliyotungwa imekubali kwamba wananchi waulizwe. Kwa hilo hakuna ugomvi mkubwa. Ugomvi uko kwenye wanaulizwa lini, na wakiwa na nini mkononi. Anayeulizwa ripoti ikiwa haijaandikwa hana cha kujibu. Anayeulizwa mkataba ukishatiwa saini hana cha kubadilisha. Katikati ya nyakati hizo mbili pana upenyo mwembamba, na ukiifuatilia historia ya tathmini ya mazingira kutoka ilikoanzia hadi ilipofika kwetu, utaikuta sehemu kubwa ni historia ya kuugombania upenyo huo.

Ilianzia Marekani. Januari 1969 kisima cha mafuta kilipasuka baharini mbele ya mji wa Santa Barbara, California, fukwe zikageuka nyeusi. Miezi mitano baadaye Mto Cuyahoga wa Ohio, uliokuwa umebeba mafuta na taka za viwanda, ukashika moto. Kabla mwaka haujaisha Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Sera ya Taifa ya Mazingira, na Rais Richard Nixon akaitia saini tarehe 1 Januari 1970. Ni sheria fupi, na sehemu yake kubwa ni maneno mazuri ya aina ambayo serikali yoyote huweza kuyasema bila kutoa hata senti. Lynton Caldwell, profesa wa Chuo Kikuu cha Indiana aliyekuwa akimshauri Seneta Henry Jackson, aliliona hilo mapema, akashikilia kwamba maneno hayo yapewe meno. Meno yenyewe yalikuwa aya moja: idara ya serikali inayotaka kufanya jambo lenye athari kubwa kwa mazingira iandike kwanza taarifa ya athari hizo, itaje na njia nyingine zinazowezekana, na umma uweze kuisoma taarifa hiyo.

Idara nyingi hazikuelewa mara moja kwamba zimejifunga. Wizara yenye dhamana ya ardhi za umma ilipotakiwa kueleza athari za bomba la mafuta la kukatiza Alaska, ilitoa kurasa nane. Kurasa nane kwa bomba la kilomita 1,287, likipita kwenye ardhi iliyoganda tangu zama na zama, likibeba mafuta ya moto yanayotosha kuyeyusha barafu ambayo ndiyo inayoishikilia ardhi hiyo isididimie. Mahakama ikasimamisha kazi mwaka 1970. Taarifa ya mwisho, iliyotoka 1972, ilikuwa ya majuzuu kadhaa, na katika miaka hiyo ya kusimama usanifu wa bomba ulifikiriwa upya. Leo zaidi ya nusu ya bomba la Alaska limeinuliwa juu ya nguzo, mbali na barafu. Ni kweli kwamba Novemba 1973, mafuta yalipoadimika duniani kwa sababu ya vikwazo vya nchi za Kiarabu, Bunge lilipitisha sheria ya kuzima kesi zaidi. Lakini anayedai kwamba tathmini huua miradi atazame hapa kwanza: bomba lilijengwa. Kilichokufa ni bomba la kurasa nane.

Alaska, wasemaji wakuu walikuwa mawakili na wanasayansi. Mwananchi wa kawaida alipata kiti chake miaka michache baadaye, Kanada, katika uchunguzi ambao sioni mfano wake hadi leo. Mwaka 1974 serikali ilimteua Jaji Thomas Berger achunguze pendekezo la kulaza bomba la gesi kutoka pwani ya Aktiki kushuka na Bonde la Mto Mackenzie. Berger angeweza kukaa katika mji wa Yellowknife, akasikiliza kampuni, akaandika. Badala yake alianza na mambo mawili ambayo tume nyingi huyaruka. Alitaka tafiti zote zilizofanywa na kampuni na serikali zitolewe hadharani, na alihakikisha mashirika ya wenyeji na ya wanamazingira yanapata fedha za umma za kuajiri wataalamu wao wenyewe. Yaani kabla hajamuuliza mtu neno, aliuweka mkononi mwake ushahidi ule ule uliokuwa mkononi mwa mwenye mradi.

Ndipo akafunga safari. Alifika katika jumuiya 35, kuanzia miji midogo hadi vijiji visivyofikika kwa barabara, na karibu watu elfu moja wakatoa maelezo. Wengi walizungumza kwa lugha zao, mkalimani akitafsiri, na redio ya taifa ilitangaza yaliyosemwa kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, hivyo kijiji kilichokuwa kikisubiri zamu yake kilikuwa tayari kimesikia majirani walisema nini. Wawindaji waliwekewa ramani wakaonyesha njia zao za mitego, vijito vya samaki, na mahali ambapo makundi ya karibou, wale kulungu wa kaskazini, hupita na kuzalia. Ripoti ilitolewa Mei 1977, na watu husahau kwamba haikuwa katazo moja la jumla. Kwa kaskazini ya Yukon, mahali pa mazalio ya karibou, Berger alisema bomba lisipite kamwe. Kwa Bonde la Mackenzie alisema linaweza kupita, ila kusubiriwe miaka kumi kwanza ili madai ya wenyeji juu ya ardhi yao yamalizwe. Tofauti hiyo kati ya sehemu moja na nyingine isingeonekana kutoka ofisini; ilitokana na watu kujibu tafiti walizokuwa wamezisikia, mahali kwa mahali.

Berger huyo huyo alionekana tena miaka kumi na tano baadaye, safari hii India, akiwa msaidizi wa Bradford Morse katika jopo huru lililoagizwa na Benki ya Dunia kuchunguza bwawa la Sardar Sarovar kwenye Mto Narmada. Jopo lilikuta kwamba mkopo ulikwishatolewa na ujenzi ulikwishaanza huku athari zikiwa hazijatathminiwa vya kutosha na watakaohamishwa hawajashauriwa. Ripoti ilitoka Juni 1992, mwezi ule ule mataifa yalipokutana Rio de Janeiro na kukubaliana kwamba miradi yenye athari kubwa ifanyiwe tathmini na kwamba masuala ya mazingira yaamuliwe kwa kuwashirikisha wanaohusika. Mwaka uliofuata mkopo uliobaki ukafutwa na benki ikaunda jopo la kupokea malalamiko ya wananchi. Bwawa lenyewe liliendelea kujengwa. Narmada ilikuwa kuulizwa kwa kuchelewa, na kuulizwa kwa kuchelewa kunaweza kubadilisha taratibu za mkopeshaji bila kubadilisha kimo cha ukuta.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halikuja na Rio peke yake. Mwaka 1989, chama tawala cha Kenya kilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua ofisi baada ya ofisi akiuliza. Hakukuwa na sheria iliyomlazimisha mtu yeyote kumjibu, na aliyopata ni kejeli za wabunge. Mradi ulikufa baada ya kelele zake kuwafikia wafadhili wa nje wakarudi nyuma. Tanzania ilikuwa na chombo tangu 1983, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lakini kazi yake ilikuwa kushauri tu. Udhaifu huo ulionekana wazi Rufiji. Katika miaka ya tisini kampuni moja iliomba eneo kubwa mno la delta ili kufuga kamba kwa ajili ya kuuza nje, katikati ya msitu mkubwa wa mikoko ambamo Warufiji walikuwa wakilima mpunga na kuvua. NEMC ilipitia tathmini iliyoletwa ikashauri mradi usikubaliwe. Mwaka 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali. Wakazi wa delta wakaenda mahakamani wakisaidiwa na mawakili watetezi wa mazingira, na mwishowe mabwawa yale ya kamba hayakuchimbwa. Ushauri ulikuwapo, ulikuwa wa kitaalamu, na uliwekwa kando kwa sababu sheria haikusema kwamba ni lazima usikilizwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ndiyo iliyoifanya tathmini kuwa sharti na kuwapa wananchi nafasi ndani yake.

Kenya ilitangulia kidogo. Sheria yake ya mazingira ni ya 1999, na kanuni za tathmini zilizofuata mwaka 2003 zinashangaza kwa jinsi zilivyoingia kwenye vitu vidogo vidogo. Mwenye mradi abandike matangazo mahali pa wazi karibu na eneo la mradi. Atangaze gazetini kwa wiki mbili mfululizo. Atangaze redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji. Afanye mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika, awaeleze mradi na athari zake, na apokee maoni ya mdomo na ya maandishi. Mwandishi wa kanuni hizo bila shaka alijua anaandikia watu wa aina gani. Maneno ya kushika hapo ni “na athari zake”, kwa sababu huwezi kumweleza mtu athari ambazo hujazipima.

Ukitaka kuona jinsi sharti hilo linavyopindwa, tazama karatasi ya mahudhurio. Kila aliyewahi kuandaa au kuhudhuria mikutano ya aina hii anaijua: jina, kijiji, nambari ya simu, saini au dole gumba. Huzungushwa mwanzoni, mara nyingi mgeni hajafika hata kwenye salamu, maana ndiyo itakayotumika kugawia nauli na soda. Miezi kadhaa baadaye karatasi ile ile hutokea nyuma ya ripoti ikiwa kiambatisho, chini ya kichwa cha habari kinachosema wananchi walishirikishwa. Aliyesaini kwamba alikuwapo sasa anasomeka kama aliyeridhia. Karatasi haina safu ya alichosema, wala haisemi siku hiyo alielezwa nini. Kwa mtazamaji wa mafaili, mkutano wa kutambulisha mradi na mkutano wa kujadili matokeo ya utafiti hutoa karatasi zinazofanana.

Hapo ndipo leseni ya Lamu ilipokwama. Mikutano iliyotajwa na kampuni ilikuwa imefanyika, wala hilo halikuwa la kubishaniwa sana. Lakini baraza lilipozipanga tarehe, likaona kwamba ilikuwa mikutano ya utangulizi, ya kabla ya utafiti. Yale ambayo mvuvi wa Lamu angetaka kuyajua yalikuwa hayajaandikwa popote. Mtambo ungevuta maji ya bahari kupoza mitambo kisha uyarudishe yakiwa na joto: yangerudi upande gani, na kusi inapovuma yangesukumwa wapi? Swali si dogo mahali ambapo karibu asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya imeota, na ambapo msimu wa kusi ukichafuka mashua ndogo hukimbilia mikondo ya ndani kwa kuwa nje ya miamba hakwendeki. Majivu yangelazwa wapi, na mvua kubwa ikija yangebaki huko? Majibu ya kitaalamu, mazuri au mabaya, yalikuwa ndani ya ripoti, na ripoti ilikwenda kwa mamlaka bila kupita kwa walengwa. Baraza lilifananisha ushirikishwaji na oksijeni inayoipa ripoti uhai, likasema ripoti isiyo nayo huzaliwa mfu hata ingekuwa nene na ya kupendeza kiasi gani. Liliongeza kasoro nyingine, pamoja na kutozingatiwa kwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, lakini lilianzia hapo.

Wapo wenye hoja za kupinga, na si hoja za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba mvuvi si mhandisi; kumpa ripoti ya kurasa mia kadhaa za Kiingereza ni kumfanyia mzaha. Nakubali kuhusu Kiingereza. Kanuni inayodai tangazo la redio kwa lugha ya wenyeji kisha ikaiacha ripoti yenyewe kwa Kiingereza imeishia njiani, na muhtasari wa Kiswahili fasaha ungegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mtambo wowote. Lakini sehemu ya kwanza ya hoja imekosea kuhusu kinachotafutwa. Mvuvi haulizwi joto la tanuri. Anaulizwa juu ya maji anayoyajua mwezi kwa mwezi, nayo ni maarifa ambayo mshauri elekezi aliyekaa wiki chache hawezi kuwa nayo. Tena anaulizwa juu ya maisha yake, ambayo hakuna fani inayoyajua kuliko yeye. Wawindaji wa Mackenzie hawakusanifu bomba. Walionyesha karibou wanazalia wapi.

Ya pili ni muda na fedha. Nchi inahitaji umeme, vijana wanahitaji kazi, na kila mkutano ni mwezi mwingine wa riba. Hapa hesabu haziungi mkono haraka. Kilele cha mahitaji ya umeme ya Kenya nzima mwaka 2019 hakikufika megawati 2,000. Mtambo mmoja wa megawati 1,050, katika mfumo ambao kwa kawaida humlipa mwekezaji kwa uwezo wa mtambo umeme utumike usitumike, ulistahili kuulizwa maswali mengi zaidi. Na kutouliza kuna bei yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa hapo hapo Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya iliyoanzishwa bila kuwashirikisha ipasavyo. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilianza kazi 2007 kabla tathmini haijafanywa. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Watoto waliokwisha kuingiwa na risasi mwilini hawamo katika hesabu hiyo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na sidhani ina jibu linaloimaliza. Wananchi ni akina nani? Lamu yenyewe haikuwa na sauti moja: walikuwapo waliopinga mtambo, na walikuwapo walioutaka kwa ajili ya ajira, hasa bara. Anayepaza sauti mkutanoni huenda akawa ni chama chenye wafadhili, si mama anayetoa kaa mikokoni. Hilo ni kweli, na upande wa wawekezaji ni vivyo hivyo. Ila tazama ilivyokuwa Mackenzie baadaye. Madai kadhaa ya ardhi yalipomalizwa katika miaka ya themanini na tisini, baadhi ya jumuiya zile zile zilizopinga bomba zilikaa chini zikaunda, mwaka 2000, kundi la kutafuta hisa katika mradi mpya wa bomba la bonde hilo. Hawakuwa wamegeuka vigeugeu. Masharti ndiyo yaliyobadilika, nao wakatoa jibu jipya kwa swali lililoulizwa upya. Mgawanyiko wa maoni haufuti haja ya kuuliza. Unaonyesha tu kwamba jibu halikuwa likijulikana, na kwamba aliyedai kulijua kabla ya ripoti kusomwa alikuwa akibahatisha.

Kampuni haikuridhika na uamuzi wa 2019 ikakata rufaa. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi iliitupa rufaa hiyo, miaka tisa baada ya leseni kutolewa. Hakuna popote katika uamuzi wa baraza paliposemwa kwamba makaa ya mawe yamepigwa marufuku Lamu. Kampuni iliachiwa njia ya kuanza upya ikipenda: ifanye tathmini nyingine, na ripoti ikishakamilika iwarudie wenyeji nayo na kuwasikiliza, ndipo iende NEMA kuomba leseni.